Usilete Shairi Lako Peke Yake: Venye Tunafanya Kikao cha Mashairi Mawili Mawili

Wacha nianze na venye tuliharibu. Kikao chetu cha kwanza tulikuwa watu kumi na tatu ndani ya hoteli moja ndogo hapa Kisumu karibu na steji, kila mtu na shairi lake kwa simu, mtu anasimama anasoma, watu wanapiga makofi, "umeweza!", "hio ni moto!", anakaa, mwingine anasimama. Masaa mawili na nusu. Tukaenda nyumbani tumeshiba chapo na hakuna hata mmoja alibadilisha neno moja. Kikao cha pili tukaambiana leo tukosoane ukweli bila kuogopana, na hio sasa ndio ilikuwa mbaya zaidi, kijana mmoja alichambuliwa na watu sita kwa pamoja mpaka akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema anatoka kidogo kuangalia kama mvua imeisha. Hakukuwa na mvua. Hajarudi mpaka leo.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, sisi tunamwita Mwalimu tu. Akatusikiliza tukilaumiana alafu akasema nyinyi mnamjadili mtu na mnaita hio kujadili shairi. Kila mtu aje na mashairi mawili, moja la mtu mwingine ambalo linamnyima usingizi, moja lake mwenyewe, na lile la mwingine ndio litangulie. Tumefanya ivo sasa zaidi ya mwaka, na juu watu wa Nakuru na Kakamega wameniuliza mara nyingi tunafanyaje, nimeamua niandike yote hapa mara moja nipumzike.

Kwanza hesabu ya watu. Watano mpaka saba, wakizidi hapo gawanyeni. Jozi moja ya mashairi inakula dakika arobaini kama mnafanya vizuri, ishirini za lile la kupendwa na ishirini za lako, kwa hivyo masaa mawili yanatosha jozi tatu peke yake. Wengine wanakuja kusikiliza na zamu yao iko wiki ingine. Mtajaribiwa kufinyilia jozi tano ndio kila mtu asome, msikubali, mtarudi kule kwa makofi.

Mahali nako si jambo ndogo. Kama mko Kisumu ama Kakamega mvua inapenda kuja alasiri, na mkiwa chini ya mabati bila dari mvua ikianza hamsikii hata mtu wa pembeni, sasa mtasikia vina wapi? Sisi tunaanza saa nne asubuhi Jumamosi. Watu wa Kakamega wakikaa Muliro Gardens chini ya mti asubuhi iko sawa kabisa, wa Nakuru wajaribu Nyayo Gardens kama siku hio hakuna mkutano wa siasa. Dunga ni kuzuri kwa macho lakini upepo wa ziwa unabeba karatasi na kila mtumbwi ukiingia watu wote wanageuza shingo, tulijaribu mara moja. Kondele sahau. Hoteli ni nzuri mkiagiza chakula kama watu, sisi kuna mahali tulifukuzwa juu tulikaa masaa matatu na chai saba na mandazi nne, mwenye hoteli akaanza kufagia chini ya miguu yetu, na kusema kweli hatukuwa na la kujitetea.

Sasa kuja kwa kazi yenyewe, kuchagua hilo shairi la mwingine. Hapa ndio watu wengi wanaanguka.

Mtu akiambiwa alete shairi analolipenda analeta lile alisomeshwa Form Three, juu ndilo anajua maelezo yake. Usilete hilo. Leta lile ulilisoma ukaona wivu, ukasema mbona si mimi nililiandika hili. Wivu ni kipimo kizuri kuliko heshima, juu kitu unachokiheshimu tu unaweza kukiongelea saa nzima bila kugusa mstari mmoja, lakini kitu kinachokupa wivu unajua kabisa ni wapi panapouma. Kwa hivyo kabla hujafika uwe unaweza kuweka kidole, hapa, kwa mshororo huu, kwa neno hili. Kama huwezi, bado hujalipata.

Pia liwe fupi, ukurasa mmoja basi. Dada mmoja alitaka kuleta Utendi wa Mwana Kupona wote, beti mia moja na zaidi, tukamwambia chukua nane. Na hizo nane zilitosha kutuweka hapo mpaka chai ikapoa. Mwana Kupona binti Msham aliutunga Pate mwaka 1858, anampa binti yake mausia akiwa mgonjwa, na sehemu ile ya kumtunza mume ilifanya wanawake watatu wa kikao wacheke kwanza alafu wakasirike alafu waanze kubishana wao kwa wao kama huyo mama alikuwa anaamini yote anayosema ama anamfundisha mtoto kuishi kwa nyumba ya watu. Sisi wanaume tulinyamaza, kwa usalama wetu. Lakini aliyelileta akaturudisha kwa karatasi, akasema mimi sikubaliani na huyu mama hata nusu, nimemleta kwa sababu ya venye anaongea na mtoto, ile sauti ya "njoo karibu ukae", utenzi wenye vipande vifupi vya mizani, yaani silabi, nane nane na bado unasikia mtu anapumua. Hapo ndio nilielewa kwamba unaweza kulionea wivu shairi ambalo unaligombania. Mkipata la namna hio msiliache.

Watu wananiuliza nianze na nani. Mi ningesema anza na mtu anayekaa mbali na wewe kidogo. Kama wewe ni mtu wa shairi huru, lile lisilofuata vina na mizani, chukua Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, yule anayesemwa alitoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, uone venye mtu anaingiza njaa, biashara, vita na majirani wake kwa mizani kumi na sita bila kutoa jasho. Alikuwa anajibizana pia na washairi wa Lamu wakati wa vita vya Mombasa na Lamu, kwa hivyo mambo ya kutupiana mashairi hayakuanza na simu. Kama wewe ni wa vina na mizani mpaka kwa damu, chukua Euphrase Kezilahabi wa shairi huru. Na kwa sisi watu wa ziwa huyu ni jirani, alizaliwa Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya ziwa hilihili tunalochota maji, na mwaka 1974 akatoa Kichomi, diwani ambayo iliwafanya wazee wa vina waulize kama hayo ni mashairi ama ni insha imekatwakatwa.

Na si lazima liwe la Kiswahili. Kikao chetu kina watu wa Dholuo, Kiluhya, Kikisii, mtu akileta wimbo wa nyanya yake anausoma vile ulivyo alafu anatueleza polepole. Okot p'Bitek aliyetoa Song of Lawino mwaka 1966 aliuandika kwanza kwa Kiacholi, na Kiacholi na Dholuo ni ndugu wa damu, siku tuliposoma kipande kile cha Kiacholi nusu ya meza ilikuwa inashika maneno huku na kule na nusu nyingine inashangaa. Huyo naye alifanya kazi hapa Kisumu miaka ya mwisho ya 1960, si mgeni. Marjorie Oludhe Macgoye naye alizaliwa Uingereza 1928 akaolewa huku kwetu akaishi Kisumu, na shairi lake la yule msichana Atieno anayefanya kazi kwa nyumba ya mjomba liko kwa Kiingereza lakini jina la msichana linarudi mwisho wa kila ubeti kama kibwagizo chetu, na kila likirudi limebeba mzigo zaidi. Nitarudi hapo, juu lilinisaidia mimi mwenyewe.

Kuhusu karatasi. Pigisha fotokopi, kila mtu apate yake, usiseme "nimetuma kwa grupu". Mtu akisoma kwa simu meseji inaingia na ushampoteza, pia kwa simu huwezi kuchora mstari chini ya neno. Sisi tunachanga shilingi ishirini ishirini kila mtu kwa saiba na inatosha na inabaki. Weka mashairi yote mawili kwa karatasi moja, la mwingine upande mmoja na lako nyuma. Kuna siku nilitoa majina kwa makusudi, nikaweka beti mbili za zamani za Mombasa na beti zangu mbili bila kusema gani ni gani, na jamaa mmoja akashika zile za zamani akasema huyu Kiswahili chake kibovu, ati "mato", ati "ndia", ati "moya", haya ni makosa ya tahajia. Tulicheka mpaka tukachoka. Hayo ni maneno ya lahaja za pwani kama Kimvita cha Mombasa, mato ni macho, ndia ni njia, moya ni moja, na bila hizo sauti vina vingine vya hao malenga vinavunjika. Tangu siku hio yeyote anayeleta shairi la pwani anaandika chini maana ya maneno ya lahaja, maneno kama sita saba hivi, na kama kuna moja hajui anauliza watu kabla ya kikao.

Kusoma sasa. Shairi linasomwa mara mbili na asome mtu tofauti kila mara, na hili lako mwenyewe mara ya kwanza usisome wewe. Najua inauma. Lakini wewe unajua pa kukimbia na pa kuvuta ndio lisikike sawa, mwenzako hajui, na pale anapojikwaa ndio pana shida. Kama ni la arudhi, yaani la vina na mizani, aheshimu kile kituo katikati ya mshororo, mizani nane, pumzi, mizani nane. Na kama kuna mtu wenu anajua mahadhi, ile sauti ya kuimbia shairi, muombeni aliimbe, juu haya mashairi ya pwani yalikuwa ya kuimbwa kabla hayajakuwa ya mtihani, kuna mtu wetu mmoja anafanya kazi ya pikipiki ana sauti hio, akiimba ubeti hata wale wa meza ya pili wanaacha kutafuna.

Alafu mazungumzo, la mwingine kwanza. Tuna marufuku mbili. Huwezi kusema "ni kali" ama "linagusa" bila kusema ni wapi. Na kwa dakika kumi za kwanza hakuna kuuliza ujumbe ni nini. Hii ya pili ilileta vita juu sisi wote tumepitia Karatasi ya Tatu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, eleza dhamira, taja bahari ukizingatia idadi ya mishororo, andika ubeti wa nne kwa lugha nathari, yaani kwa maelezo ya kawaida, na hio nathari ndio imetuharibu, tumefunzwa kwamba shairi ni barua iliyofungwa na kazi yetu ni kuifungua tuone pesa ngapi ziko ndani. Maneno ya darasani yenyewe yanasaidia, ukwapi na utao (nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo), inkisari (kufupisha neno), mazda (kulirefusha), kibwagizo, yatumieni sana ndio mtu asiseme "ile kitu ya mwisho ya mstari". Ila mtu akianza na dhamira kikao kinakufa.

Badala yake tunauliza vitu vidogo. Ulisimama wapi? Neno gani ukilitoa nyumba inaanguka? Ni nini huyu ameamua kutosema? Lile la mwisho ndio linanibamba zaidi. Siku ya Abdilatif Abdalla, yule aliyefungwa 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya Kenya Twendapi, waraka ulioikosoa serikali, akaandika mashairi gerezani kwa karatasi za choo yakatoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973, mtu alileta lile la mamba. Kama umewahi kukaa karibu na mto huku kwetu unajua mamba si picha ya kitabu. Huyu anacheza na sauti ya "mb" mshororo baada ya mshororo mpaka mdomo wa anayesoma unachoka, na hakuna mahali anasema mamba ni nani. Mtu akauliza, kwani angesema ingekuwaje? Tukajaribu kuweka jina la kiongozi mahali pa mamba, kwa mdomo tu, na shairi likawa tangazo la mkutano. Hapo watu walielewa fumbo ni la nini bila mtu kutoa somo.

Baada ya hapo mnageuza karatasi. Sheria ni moja, mwenye shairi ananyamaza mpaka mwisho. Haelezi, hasemi "unajua hapa nilikuwa namaanisha", hata akisikia maneno ya ajabu. Ana biki, anaandika. Na wengine wote wanapitia kwa lile la kwanza, yaani ukitaka kusema kitu juu ya shairi la mwenzako kiunganishe na ulichokiona upande ule mwingine. Yule alinyamaza hapa, wewe umesema mara tatu. Yule alichelewesha kitenzi, wewe umekianza. Kijana yule aliyetoroka mvua ambayo haikuwa angesikia "mwishoni hapa umeharakisha kuliko yule", na hio mtu anaweza kuimeza.

Wacha nionyeshe na langu, juu nikitumia la mtu mwingine atanitafuta. Nilikuwa nimeandika tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kuhusu magugu maji, venye yanafunga ghuba ya Winam na mitumbwi inakwama, na mama anangoja na karai lake la omena. Upande wa kwanza nilikuwa nimeweka shairi la zamani la Mombasa la mizani kumi na sita. Ubeti wangu ulikuwa ivi:

Magugu yamefunika, ziwa lote la Winamu
Mtumbwi wa baba umetoweka, mvuvi hana salamu
Mama karai kashika, angojea kwa ugumu
Ewe ziwa umechoka, au ndiyo yako hamu?

Aliyesoma alikuwa yule mtu wa pikipiki. Mshororo wa kwanza akapita kama lami mpya. Wa pili akaanguka. Akarudia, akaanguka tena palepale, kwa "wa baba". Watu wakahesabu kwa vidole, m-tu-mbwi-wa-ba-ba-u-me-to-we-ka, kumi na moja. Mi nilikuwa nimeisoma nyumbani mara ishirini na sikuwahi kusikia juu nilikuwa nakimbia hapo bila kujua.

Mmoja akasema rahisi, toa baba, "Mtumbwi umetoweka", nane kamili, maliza. Na hapo dada mmoja wa Nyalenda, huwa haongei sana, akasema ukitoa baba mama anangoja nani? Kimya. Alafu Mwalimu akagonga karatasi upande ule mwingine, akasema angalieni venye huyu wa Mombasa anasema "kafanya", "kaondoka", hasemi "amefanya". Ile "ka" inakula silabi moja kila mara, na wewe mwenyewe tayari umeitumia kwa mama, "kashika", kwa nini umemnyima baba? Nikaandika hapohapo: "Baba naye katoweka, mtumbwi bila salamu." Nane na nane. Baba amerudi, na kwa kweli ni afadhali kuliko mwanzo, juu sasa mtumbwi ndio hauna salamu, na mtumbwi usio na salamu unatisha kuliko mvuvi asiye na salamu.

"Kwa ugumu" nayo ikakamatwa. Mtu akauliza ugumu wa nini, nikakumbuka siruhusiwi kuongea nikanyamaza, lakini ukweli ni kwamba ugumu ulikuwa wa kutafuta kina cha "mu". Tunaita hio neno la kujaza gunia. Wakarusha maneno, hamu, sumu, damu, na dada yuleyule akasema mama yake alikuwa anafanya kazi ya usiku kwa kiwanda na angalau alikuwa anajua zamu inaisha saa ngapi. "Angojea bila zamu." Sikubadilisha hata herufi.

Kibwagizo ndicho kilinishinda siku hio. Nilikuwa nimekirudia vilevile kwa beti sita, mtu akasema kufika ubeti wa nne ashaacha kukisikia. Nilienda nacho nyumbani na ni hapo nilirudia lile shairi la Atieno, nikaona neno halibadiliki hata kidogo, kinachobadilika ni kile kimewekwa kabla yake. Basi sikugusa kibwagizo, nilibadilisha mshororo wa tatu kwa kila ubeti, ndio ziwa likiulizwa mara ya sita kama limechoka swali liwe limekuwa lingine. Ilinichukua wiki tatu. Moja bado siipendi.

Kuna mambo yanaweza kuharibu na ni vizuri muyajue mapema. La kwanza ni vita vya vina na shairi huru. Hivi vita vilipiganwa sana miaka ya 1970 na watu waliosoma kuliko sisi na havikuisha, hamtavimaliza nyinyi Jumamosi moja na sambusa. Mtu akianza "lakini hili si shairi", mwenyekiti anamuuliza tu: likiwa ni shairi, mshororo gani ndio dhaifu? Anarudi kazini. La pili ni mtu kuleta jitu kubwa ndio lake lionekane dogo kwa makusudi, anataka watu wamhurumie, "mimi si Shaaban Robert". Hakuna aliyesema wewe ni Shaaban Robert. Hatupimi urefu hapa, tunaazima vifaa. La tatu ni lile la watu kuanza kuiga mpaka kila mtu wa kikao anaandika Kimvita cha kuokota na hajawahi kuvuka Mtito Andei kwenda pwani. "Ka" nimechukua, sawa, lakini "mato" ya nini na mama yangu anasema macho.

Kwa hilo la kuiga kuna dawa ya zamani, takhmisa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuchukua utungo unaosemwa ni wa Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa kale wa pwani, na kila mahali pana mishororo miwili ya Liyongo akaongeza mitatu yake, ikawa mitano. Ndio kazi tunapeana ya nyumbani mwisho wa mwezi. Chukua mishororo miwili ya yule unayemwonea wivu, andika mitatu yako itangulie, vina vikubaliane na vyake, na zile mbili zake zifunge kana kwamba alikuwa anakujibu. Utajua haraka sana kama unamwelewa ama unampenda tu sauti. Na hakuna mtu atasema umeiba juu mishororo yake iko pale wazi na jina lake juu. Mi nilijaribu mara tatu ndio moja ikashika, zile mbili zingine mishororo yake ilikuwa inang'aa na yangu imesimama kando kama wageni wa harusi wasiojua bwana wala bibi.

Kama mmetawanyika, wengine Nakuru wengine Kisumu wengine Bungoma, inawezekana, ila msijaribu kwa video, stima na bando zitawatesa. Kila jozi irekodiwe kwa sauti mara mbili na watu wawili, itumwe Alhamisi pamoja na picha ya karatasi, na kila mtu ajibu kwa sauti pia, dakika tatu zisizidi, la mwingine kwanza kama kawaida. Majibu ya kuandika yanakuwa makali bila mtu kukusudia, kwa sauti unasikia mtu akisita na hio inasaidia. Mwenye shairi anasikiliza yote bila kujibu mpaka Jumapili jioni.

Mkimaliza kikao msikusanye karatasi mkatupa, mwenye shairi achukue nakala zote zilizochorwa aende nazo. Hapo ndio utaona watu wanne tofauti wamechora mstari chini ya neno lilelile na hakuna aliyelitaja kwa mdomo. Na jozi tatu za wiki ijayo zipewe wenyewe kabla watu hawajasimama, kwa majina, mmoja aandike, juu wakishafika steji kila mtu yuko bize na anatafuta matatu ya nyumbani.